Vitamini D meza, lakini metfomini usiiguse

Dada, usiache metfomini, dawa yako ya sukari. Hayo mengine uliyouliza tutayafikia, ila hili lisome kwanza, na kama umeshaacha, leo hii mpigie daktari wako umwambie.

Umeandika kwamba una kisukari aina ya pili, kipimo kimeonyesha vitamini D yako iko chini, na kuna mtu amekushauri "uipumzishe" metfomini miezi mitatu, umeze vitamini D ya nguvu, uone kama sukari itashuka yenyewe. Ukauliza kati ya D2 na D3, zile aina mbili za vitamini D, ipi bora, imezwe asubuhi au usiku, na kama inaendana na dawa zako za presha. Nimeshindwa kupita kimya kwa sababu maneno hayohayo, mpaka hilo la kupumzisha, ndiyo niliyoambiwa mimi, na nikayafuata.

Aliyeniambia hakuwa daktari. Alijiita mshauri wa lishe, na vidonge alivyonishauri ndivyo alivyokuwa akiuza. Hoja yake ilianza na ukweli, ndiyo maana ilinasa. Ni kweli watu wengi wenye kisukari hukutwa na vitamini D ndogo. Ni kweli pia kwamba seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina vipokezi vya vitamini D. Kutoka hapo akaruka: jaza vitamini, kongosho litaamka, dawa hutaihitaji tena. Hakugusia kwamba mtu mwenye mafuta mengi mwilini huonekana na vitamini D ndogo kwenye damu kwa sababu nyingi imejificha kwenye mafuta hayo, wala kwamba anayekaa ndani kwa maradhi halioni jua. Upungufu na kisukari vinaweza kukaa kwa mtu mmoja bila kimoja kukizaa kingine.

Akanipa vidonge vya IU 50,000 (IU ni kizio cha kupimia vitamini). Vidonge vya aina hiyo vipo, na daktari huviandika kwa mwenye upungufu mkubwa: kimoja kwa wiki, kwa muda mfupi, kisha anashushwa kwenye dozi ndogo ya kila siku. Yeye akaniambia kimoja kila siku, "ili ikamate haraka". Mtu mzima anahitaji IU 600 kwa siku, au 800 akishapita miaka 70. Kikomo cha juu ambacho hapaswi kukivuka kila siku bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Sasa piga hesabu mwenyewe uone nilikuwa nameza nini. Na ukishika chupa yoyote, angalia imeandikwa IU au mikrogramu, kwa maana mikrogramu 1 ni sawa na IU 40, na watu wanaumia kwa kuchanganya hayo mawili tu.

Mwanzoni sikuona tofauti. Baadaye ikaja kiu. Kiu, kukojoa usiku kucha, choo kigumu, kichefuchefu, kichwa kizito. Nikampigia, akasema mwili unatoa sumu, niendelee. Mtu anakupigia simu anakwambia anakunywa maji kama mchanga na bado koo limekauka, wewe unajua ana kisukari, unajua umemwachisha dawa, halafu unamwambia aendelee! Mpaka leo sijamsamehe, na sioni sababu ya kumsamehe wakati bado anauza.

Hapa naomba usome taratibu. Kazi kubwa ya vitamini D ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Vitamini ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu, figo zinashindwa kubana maji, unakojoa sana na kiu haikatiki. Sukari ikipanda, nayo inaleta kiu na kukojoa sana. Dalili ni zilezile. Kwa hiyo mtu aliyeacha dawa huku akizidisha vitamini hawezi kujua kwa kujisikia ni kipi kinachomuumiza, na glukomita, kile kifaa cha kupimia sukari nyumbani, itampa nusu ya habari, maana kalsiamu haiipimi. Kwangu vilikuwa vyote viwili. Nilipofikishwa hospitali HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, ilikuwa imepita asilimia 11, kalsiamu iko juu, na kreatinini imepanda, yaani figo zimeshaanza kulemewa. Nikawekewa dripu, nikaanzishiwa insulini. Kuacha vidonge hakukumaliza shida papo hapo, kwa sababu vitamini D huwekwa akiba kwenye mafuta ya mwili na hutoka polepole. Kalsiamu ilichukua miezi kutulia. Figo zangu hazijarudi zilipokuwa, na kuna dawa ambazo sasa siandikiwi kwa sababu hiyo.

Atakuja mtu kukutajia tafiti, basi zijue kabla yake. Mwaka 2019 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la D2d: watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, nusu wakimeza IU 4,000 za D3 kila siku, nusu kidonge kisicho na kitu, wakafuatiliwa karibu miaka miwili na nusu. Waliopata kisukari walikuwa wachache kidogo upande wa vitamini, lakini tofauti yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Mwaka 2023 majaribio matatu ya namna hiyo yakachambuliwa kwa pamoja, hatari ikaonekana kupungua kwa asilimia kama 15. Wauzaji wanalipenda sana hilo. Wasichokisema ni kwamba wote hao walikuwa hawajapata kisukari, na hakuna aliyeachishwa metfomini ili apewe vitamini. Kwa sisi ambao tayari tunacho, nafuu ikionekana huwa ni sehemu ndogo ya pointi moja ya HbA1c, na zaidi kwa waliokuwa na upungufu hasa. Metfomini peke yake kwa kawaida hushusha pointi moja hadi moja na nusu.

Usione pointi moja ni kitu kidogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 1998, UKPDS, ulifuatilia watu wenye aina yetu hii ya kisukari kwa takriban miaka 10. Kundi lililodhibitiwa kwa makini lilikuwa na HbA1c ya 7.0, jingine 7.9. Pengo hilo lisilofika hata pointi moja lilipunguza kwa robo madhara ya mishipa midogo, ambayo ndiyo ya macho na figo. Na HbA1c inaeleza miezi miwili mitatu iliyopita. Hiyo miezi mitatu ya "kujaribu" itakapoisha na majibu yakatoka, sukari itakuwa imeshafanya kazi yake muda wote huo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kidonge cha vitamini kinaongezwa juu ya dawa ya sukari, hakiwekwi mahali pake. Dawa ya sukari inapunguzwa na aliyeiandika, akiwa na majibu ya HbA1c mkononi, si kabla.

Upungufu wako utibiwe, sikukatazi hata kidogo. Mifupa inaihitaji vitamini D, nami nameza dozi ndogo hadi sasa, ya D3, ambayo hupandisha kiwango kwenye damu vizuri kuliko D2. Ila dawa za presha ulizozitaja hukuandika majina, na hilo ni kubwa. Kama mojawapo ni haidroklorothiazidi au ndugu zake, dawa hizo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Ukizichanganya na vitamini D nyingi, kalsiamu inapanda kutoka pande zote mbili. Kabla hujafungua chupa hiyo, ipeleke kwa daktari pamoja na dawa zako zote, omba upimwe kalsiamu na kreatinini, kisha upimwe tena baada ya kuanza. Kiu ikikujia katikati, usisubiri tarehe ya kliniki.

Andika hapa majina ya hizo dawa za presha na IU zilizoandikwa kwenye chupa uliyopewa. Naingia tena jioni.