Orodha ya kusubiri ya uzamivu na uzamili wa kujilipia: jibu kwa aliyeombwa amana

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba idara moja ya chuo kikuu nchini Marekani imekuweka kwenye orodha ya kusubiri ya shahada ya uzamivu, na kwamba chuo kingine cha hukohuko kimekupa nafasi ya uzamili isiyo na ufadhili, kikitaka ulipe amana, yaani fedha ya kuishikilia nafasi hiyo, kabla Machi haijaisha. Unauliza ushike lipi. Nimewahi kusimama mahali hapo. Orodha haikulifikia jina langu, nikasoma uzamili, na uzamivu nikaupata baadaye katika chuo kingine. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu majibu mafupi niliyopewa wakati ule, ya kwamba nisubiri au nichukue kilicho mkononi, hayakunisaidia kufikiri.

Rai yangu ni kwamba usiupime uzamili huo kwa kuulinganisha na nafasi ambayo hujapewa. Upime kana kwamba idara ile imekwisha kukukatalia. Ukiona kwamba hata baada ya kukataliwa usingekubali kuulipia, basi tarehe ya amana haikuhusu, nawe unaweza kusubiri kwa utulivu. Ukiona kwamba ungeutaka kwa ubora wake wenyewe, kinachobaki kuamuliwa ni kama uko tayari kuipoteza amana endapo uzamivu utakuja. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakalipa fedha nyingi kwa sababu tu kusubiri kunauma.

Inafaa pia uelewe orodha yenyewe inavyofanya kazi. Katika vyuo vya utafiti vya Marekani, idadi ya wanafunzi wapya wa uzamivu hutegemea zaidi fedha kuliko viti vya darasani, kwa kuwa kumpokea mwanafunzi mmoja kwa kawaida ni kuahidi kumlipia ada na kumpa posho kwa miaka mitano hivi, ama moja kwa moja, ama kwa kumpa kazi ya usaidizi wa kufundisha au wa utafiti. Idara hutoa barua za udahili ikitarajia kwamba baadhi ya waliopewa watakwenda kwingine, na wakiondoka wengi kuliko ilivyokadiria, ndipo inapoigeukia orodha. Mara nyingi orodha hiyo haiendi kwa mstari mmoja, bali hugawanywa kwa matawi ya taaluma au hata kwa wasimamizi. Anayekataa akiwa wa tawi lisilo lako, nafasi yake yaweza kumwendea mtu aliye chini yako, kwa sababu msimamizi mwenye fedha ni wa tawi lile. Kwa hiyo kuambiwa kwamba uko wa pili au wa sita hakukupi mengi mpaka ujue kama kuna mtu wa tawi lako ambaye bado hajajibu.

Kuhusu tarehe, vyuo vingi vya Marekani vimeridhia azimio la Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vinavyotoa shahada za uzamili na uzamivu, linalosema kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili halazimiki kutoa jibu kabla ya Aprili 15. Wenye barua mbili au tatu huzishikilia hadi siku hizo, na ndiyo maana orodha nyingi hukaa kimya Machi nzima kisha zikasogea kwa haraka kuelekea tarehe hiyo na muda mfupi baada yake. Ukimya unaouona sasa usiufasiri kuwa dalili yoyote. Lakini zingatia kwamba azimio hilo linahusu ahadi za ufadhili, hivyo chuo kinachokudai amana ya uzamili wa kujilipia mwezi Machi hakilivunji. Unachoweza kufanya ni kukiandikia kwa adabu, ukieleza kwamba unasubiri jibu la mahali pengine, na kuomba muda hadi wiki inayofuata Aprili 15. Nimeona maombi ya namna hiyo yakikubaliwa na mengine yakikataliwa, lakini sijaona hata moja likimpotezea mtu nafasi yake.

Mwandikie pia mratibu wa masomo wa idara ya uzamivu, umuulize kama orodha imepangwa kwa matawi, ni lini hufungwa, na kama nafasi itakayotokea itakuja na ufadhili kamili. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine, maana nafasi ya uzamivu isiyo na fedha si ile uliyoiomba. Katika barua hiyohiyo eleza jambo jipya lililotokea tangu ulipoomba, kama vile makala iliyokubaliwa kuchapishwa au matokeo ya muhula, na kama idara hiyo kweli ndiyo chaguo lako la kwanza, sema wazi kwamba ukipewa nafasi utaikubali. Usiandike hivyo kwa idara mbili. Barua moja inatosha, kwa kuwa wanaosoma barua hizo ni watu wachache, na kuwasumbua kila wiki hakuongezi fedha wasizokuwa nazo.

Sasa niuzungumzie uzamili wenyewe, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote ni la kalenda. Maombi ya uzamivu Marekani hufungwa kwa wingi Desemba, wakati masomo ya uzamili huanza Agosti au Septemba. Ukisoma uzamili wa mwaka mmoja na kutaka kuingia uzamivu mara tu unapomaliza, utakuwa unaomba ukiwa na miezi mitatu au minne tu darasani. Matokeo ya muhula wa kwanza hayajatoka, tasnifu haijaanza, na maprofesa wapya wanakujua kwa sura. Wanaosoma faili lako wataona karibu faili lilelile waliloliona mwaka huu, isipokuwa sasa una deni. Ili uzamili huo ufanye kazi uliyoukusudia, yakupasa ama uwe wa miaka miwili, ama ukubali kuomba baada ya kuhitimu na kuwa na mwaka mmoja katikati, ambao ni vizuri ukautumia katika kazi ya utafiti yenye malipo.

La pili ni aina ya uzamili. Uzamili wa kozi tupu, hata wa chuo chenye jina kubwa, huongeza alama kwenye cheti lakini haumpi mtu yeyote nafasi ya kukuona ukifanya utafiti. Kwa nilivyoshuhudia, kinachoigeuza kamati ya udahili ni barua ya msomi aliyefanya kazi nawe kwa karibu, anayeweza kueleza ulivyolishika swali gumu, ulipokwama, na ulivyojikwamua. Uzamili wangu ulikuwa wa tasnifu, na msimamizi alisoma kila sura mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Barua yake ndiyo iliyonifungulia mlango, wala sina shaka juu ya hilo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama kuna tasnifu, nani anasimamia wanafunzi wa uzamili, kama wanaruhusiwa kuingia kwenye maabara na semina pamoja na wa uzamivu, na waliohitimu miaka ya karibuni wako wapi. Idara inayojivunia wanafunzi wake wa uzamili huwa na majibu ya maswali haya, na inayowategemea kwa ada tu hujibu kwa maneno ya jumla. Uwe makini vilevile iwapo idara iliyokuweka kwenye orodha itakupa nafasi katika uzamili wake wa kujilipia. Si ahadi ya uzamivu, na mara nyingi utalazimika kuomba upya pamoja na watu wengine wote.

Usitarajie kwamba uzamili utapunguza sana miaka ya uzamivu ukibaki Marekani. Programu nyingi za huko humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza na kumtaka apitie kozi zake mwenyewe, hata kama amesoma zinazofanana nazo. Ulaya mambo ni tofauti, kwa kuwa katika nchi nyingi uzamili ndilo sharti la kuingia uzamivu, na uzamivu wenyewe huchukua miaka mitatu au minne. Uholanzi, kwa mfano, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo anayelipwa mshahara. Kama ni lazima usome uzamili, tazama pia vyuo vya umma vya Ujerumani, ambavyo vingi havitozi ada ya masomo, uzamili wa pamoja wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya unaotoa ufadhili, na uzamili wa tasnifu wa Kanada, ambao katika fani nyingi huja na posho. Baadhi ya milango hiyo imekwisha kufungwa mwaka huu, lakini kuomba mwakani kwa fedha za wengine ni bora kuliko kuanza mwaka huu kwa mkopo.

Ukipata nafasi baada ya Aprili, kitakachokubana ni viza. Hakikisha pasipoti yako haikaribii kuisha muda, na siku hiyohiyo ya kukubali kiombe chuo fomu ya I-20, yaani hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, kwa maana bila hiyo huwezi kufika kwenye usaili wa ubalozi. Ukiwa umelipa amana ya uzamili, kiandikie chuo hicho mara moja kwamba unaiachia nafasi, kwa sababu nao wana orodha yao.

Umeuliza mwishoni kama uwaeleze waliokuandikia barua za mapendekezo. Waeleze sasa. Huenda mmoja wao anamfahamu mtu katika idara ile na anaweza kumwandikia mistari miwili, na kama mwaka huu hautafaulu, ndio utakaowaomba tena ifikapo Oktoba.