Uliza Ujibiwe: Gari la taka halijapita wiki ya tatu

Mwezi huu barua zenu nyingi ni za taka na karibu zote zimetoka Dar, nadhani hizi mvua ndo zimewachosha watu. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu matatizo ya wengine wote yako ndani yake.

*Shikamoo Anti. Nakaa Tabata, hela ya taka nalipa kila mwezi na risiti ninazo, lakini gari halijapita hii ni wiki ya tatu. Viroba vimejaa getini, funza wanatambaa mpaka barazani, mvua ikinyesha yale maji yanatiririka mpaka mlangoni na nina mtoto anayejifunza kutambaa. Nikimpigia yule kijana anayepita kukusanya hela ananiambia gari bovu. Nigome kulipa? — Mama wa watatu, Tabata*

Marhaba mdogo wangu, pole sana, hasa kwa huyo mtoto.

Kugoma peke yako kimyakimya sikushauri, maana utaandikwa mdaiwa na hilo daftari la wadaiwa ndo litasomwa, sio shida yako. Ujue hivi, hiyo kampuni au kikundi kinachozoa taka mtaani kwenu hakikujileta, kimepewa eneo na halmashauri kwa mkataba, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeiweka kazi ya taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Kwahiyo gari likiharibika ni tatizo la aliyepewa kazi na la aliyempa hiyo kazi, sio la kwako wewe uliyelipa. Chukua daftari, andika tarehe gari lilipopita na wiki ambazo halikupita, risiti zipige picha, halafu tafuta majirani hata nyumba kumi muende pamoja kwa mtendaji wa mtaa na nakala mpeleke kwa afisa afya wa kata. Nasema nyumba kumi kwasababu mtu mmoja ni rahisi kumwambia gari bovu, lakini nyumba kumi zenye tarehe zinazofanana lazima mtu aandike majibu. Na muombe kitu kimoja tu kinachopimika, yaani siku za gari kupita zitajwe, Jumatatu na Alhamisi kwa mfano, zibandikwe ofisi ya mtaa.

Na muombe mara mbili kwa wiki, msikubali mara moja. Nzi akitaga kwenye takataka mbichi mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, na kwa joto letu la Dar kutoka yai mpaka nzi kamili ni kama siku saba mpaka kumi. Gari likipita mara mbili kwa wiki funza anaondoka kabla hajawa nzi. Likipita kila baada ya wiki mbili mnafuga.

Sababu za kuchelewa nyingine ni za kweli, tusidanganyane. Taka zenu zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, mbali, kwenye foleni ya barabara hii hii mnayoijua, na mvua ikikolea njia za mle ndani zinakuwa tope magari yananasa, gari ambalo lingekwenda mara mbili kwa siku linakwenda mara moja. Lakini sasa ndo maana ya kupanga, mvua za masika sio mgeni hapa mjini.

Na nyie wa Tabata mna historia ambayo vijana wengi hawaijui. Dampo la jiji zima lilikuwa hapo hapo Tabata, moshi na nzi usiku na mchana, wakazi wakaenda mahakamani na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaliamuru jiji liache kumwaga taka hapo. Jiji likaomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena, mwisho jaji akakataa akasema kuwaacha watu waishi katika hali ile ni kuigusa haki yao ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakashtaki wakashinda mwaka 1991. Baadae taka zikaenda Vingunguti, zikaja Mtoni, ndo zikafika Pugu. Nakueleza haya mama ili ukiingia ofisi ya mtaa na daftari lako usijione msumbufu. Wazee wa mtaa wako walifika mpaka kwa jaji, na walianza hivyo hivyo kwa kukusanyana majirani.

Sasa la leo jioni, kabla hata hujaonana na mtendaji. Tenganisha taka ya maji na taka kavu. Maganda, makombo, mifupa ya samaki, majani ya chai, hivyo ndo vinanuka na ndo vinaleta funza, na kwenye majumba yetu hizo ni zaidi ya nusu ya taka zote kwa uzito. Ziweke kwenye ndoo yake yenye mfuniko, kila ukimwaga nyunyiza juu jivu la mkaa au maranda ya fundi seremala. Kavu, yaani chupa, maboksi, makaratasi, iende kwenye kiroba kingine na hiyo hata ikae mwezi haitanuka. Pampers, kinyesi mwaga chooni kwanza, kunja, ziwe na mfuko wao. Utaona hicho kinachosubiri gari kimepungua, na ndoo moja yenye mfuniko unaweza kuibeba ukaiweka mbali na mlango, viroba sita vilivyolowa huwezi.

*Anti mambo. Mimi nilihamasika nikaanza kutenganisha, nina ndoo tatu kabisa. Gari likija wale jamaa wanachukua zote tatu wanamwaga pamoja mbele ya macho yangu!! Nikakata tamaa. Kuna faida gani? — Kijana wa Mbagala*

Poa mdogo wangu. Imekuuma na mimi nimeumia nilivyosoma, maana mtu akishafanya jambo jema likamwagwa hivyo mbele yake hata wa pili haigi.

Ila kosa lako ni dogo tu, umeitegemea gari. Gari nyingi za taka hapa mjini zina bodi moja, hamna pa kutenganisha, ikishaingia mle chupa yako safi inapakwa mchuzi na nani atainunua tena. Ikishafika Pugu kuna watu wanaichambua juani kwa mikono mitupu waiokoe, kazi ambayo wewe ungeifanya jikoni kwa sekunde mbili. Kwahiyo ndoo ya kavu usiipeleke kwenye gari kabisa. Kuna wale kina mama na vijana wanaopita asubuhi na salfeti mgongoni wanaokota makopo, mtafute mmoja, mpatane siku, mpe kila wiki bila kudai hela. Kwake hiyo ni siku nzima ya kuinama ameokoa, na kwako ndoo imeondoka. Naomba pia tuache kuwafukuza hawa watu getini kama wezi. Kama kuna kitu kwenye huu mji kinachoitwa risaikling basi kiko mgongoni kwao.

Na inawezekana kufanyika kwa kata. Kata ya Bonyokwa, kule upande wa Segerea, shirika la Nipe Fagio lilianzisha na wakazi utaratibu wa kutenganisha nyumbani, wakusanyaji wanapita na vyombo vyao nyumba kwa nyumba, taka inafika kwenye kituo cha hapo hapo kwenye kata, ya kuoza inakuwa mboji, chupa na maboksi yanauzwa, na kinachobaki ndo kinakwenda dampo. Haikuhitaji mtambo wa mabilioni. Muulize diwani wenu ameshafika kule kuona?

*Anti, sisi ni wapangaji nane nyumba moja Sinza, hela ya taka mwenye nyumba anasema tulipe sisi, mkusanyaji anasema kila chumba kilipe kivyake. Ipi sahihi?*

Mpangaji ndo anayezalisha taka kwahiyo kulipa ni haki, ila kiwango na kama ni kwa nyumba au kwa kaya kimewekwa kwenye sheria ndogo za halmashauri yenu, sio kichwani kwa mkusanyaji. Nendeni ofisi ya kata muoneshwe maandishi. Na hela yoyote isiyo na risiti msiitoe hata akija na sare.

*Dada habari. Jirani yangu Kimara anachoma taka kila jioni, plastiki, pampers, mpaka raba za viatu. Mwanangu ana pumu, juzi tumekesha naye hospitali. Nimeshamwambia mara mbili, anasema kwake ni kwake. Naogopa kugombana maana tunashirikiana misiba na shughuli zote.*

Nzuri kaka yangu, mtoto anaendeleaje? Hili limenigusa kuliko yote.

Moshi wa plastiki sio moshi wa kuni. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani inatoa vumbi laini sana linalozama mpaka ndani kabisa ya mapafu, na baadhi ya plastiki zinatoa dioksini, sumu ambayo inakaa mwilini miaka. Mtoto wa pumu hahitaji moshi mwingi, dakika kumi zinatosha kumbana. Na yule jirani mwenyewe ana watoto, na lile jivu likitupwa kwenye bustani ya mchicha linarudi mezani kwake.

Usimfuate moto ukiwa unawaka, wakati huo kila mtu ana hasira. Nenda asubuhi ya Jumapili na mkeo, kaeni, mwambie habari ya hospitali kwanza, mambo ya taka baadae. Halafu muulize kwanini anachoma. Mara nyingi kule Kimara mabondeni jibu utakalopata ni kwamba gari haliwezi kushuka kwenye vichochoro vile, mtu anachoma kwasababu hana pengine. Kama ndo hivyo basi tafuteni wote wawili kijana wa guta au toyo apandishe taka mpaka barabarani, mchangie nyumba kadhaa, gharama ikigawanywa inakuwa ndogo. Akikataa hata hilo, mwone mjumbe wenu, ikishindikana afisa afya wa kata, na hapo usione aibu, undugu wa misibani haumlazimishi mwanao kukosa pumzi. Jioni za moto fungeni madirisha ya upande ule na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

*Habari mwanangu. Mimi ni mstaafu, nipo Kigamboni, nina kiwanja chenye michungwa na migomba. Nimesikia maganda ya jikoni yanafanya mbolea nikachimba shimo nikatupia, limenuka hadi majirani wamelalamika. Nimekosea wapi?*

Shikamoo mzee wangu. Hujakosea sana, limekosa hewa tu. Maganda mabichi yakirundikana peke yake kwenye shimo yanashikana, maji yanajaa, yanaoza bila hewa na ndo ile harufu. Lifukie hilo shimo, panda mgomba juu yake, utakuja kuniambia mkungu wake.

Halafu anza upya juu ya ardhi, kwenye kivuli. Tandika vijiti chini hewa ipite, kila ndoo moja ya maganda funika na ndoo mbili za majani makavu, na hayo ya migomba unayo tele, yakatekate. Samaki, nyama na mafuta usiweke, yanaita panya na paka. Ukikamua konzi moja mkononi yanatakiwa yawe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, yakichuruzika ongeza makavu, yakiwa vumbi mwagia maji. Geuza kwa koleo kila wiki, ukitia mkono katikati utasikia joto, usishtuke ndo kazi inaendelea. Masika funika na turubai.

Kule Mabwepande, Kinondoni, kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani, wanafanya hivi hivi na taka za masokoni, tofauti yako na wao ni ukubwa wa rundo na mashine ya kugeuza. Wewe jipe miezi mitatu hivi mzee. Ukishika ukaona nyeusi, inamomonyoka, hujui tena lipi lilikuwa ganda la ndizi na inanuka kama udongo mvua ikianza kunyesha, imeiva, zungushia mashina ya michungwa lakini usiigusishe na gome.