Nilianza kuiona Jambiani niliposomeshwa Cancún

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: kuna faida gani kijana wa kwetu kukaa chuoni akisomeshwa vivutio vya Meksiko, Italia na Thailand, ilhali hata pasipoti hana, na kazi yake itakuwa kuwapokea wageni hapa hapa nyumbani?

Mtu wa kwanza kuniuliza hivyo alikuwa mama yangu mzazi. Alikuwa uani kwetu Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, anachambua mwani mkavu, mimi nimerudi likizo ya muhula wa kwanza wa stashahada ya utalii. Akalichukua daftari langu, akakuta ukurasa mzima wa Machu Picchu, magofu ya kale ya huko Peru. "Mwanangu," akasema, "huku ndiko watakakokuajiri?" Sikuwa na la kumjibu. Leo nina mwaka wa tisa katika ofisi ndogo ya kupanga safari hapa Mjini Unguja, na jibu ninalo. Faida ipo, tena kubwa, ila inategemea sana namna somo lenyewe linavyofundishwa.

Wanaolilalamikia somo hili wana haki kwa jambo moja. Likifundishwa kama orodha ya kukariri, ni kumpotezea mzazi ada yake. Muhula ule wa kwanza ndivyo tulivyosomeshwa: mji mkuu, sarafu, mlima, msimu mzuri wa kwenda, herufi tatu za uwanja wa ndege. Nchi thelathini na kitu kwa wiki kumi na tano. Nilijua kwamba LIM ni Lima na VCE ni Venice, nikapata alama nzuri, na nisingeweza kumweleza mtu hata jambo moja kuhusu namna watu wa miji hiyo wanavyoishi na wageni wao. (Herufi za viwanja sizibezi, nazitumia kila siku ya kazi. Lakini hizo mtu hujifunza kwa mwezi mmoja ofisini.)

Muhula wa pili tukapata mwalimu mwingine, mtu mzima wa Pemba, sauti ya chini. Siku ya kwanza alichora ubaoni mstari mmoja tu: unaanza chini taratibu, unapanda kwa kasi, kisha unalala juu kama tanga lililoishiwa upepo. Akatueleza kwamba mchoro huo ni wa mwanajiografia Richard Butler, aliutoa mwaka 1980, na unaonyesha maisha ya mahali pa utalii. Kwanza wanakuja wageni wachache wanaopenda kugundua. Wenyeji wanafungua vyumba na vimkahawa. Wenye mitaji wanaingia. Panajaa, panachoka, halafu ama panahuishwa ama panakimbiwa. "Haya wanangu," akasema, "kila mmoja aje aweke nukta kwao." Kijana wa Nungwi akaweka ya kwake juu karibu na ukingo. Wa Makunduchi akaweka chini. Mimi nilisimama na chaki mkononi nikijiuliza Jambiani iko wapi, na nikagundua kwamba mahali nilipozaliwa sikuwahi kupatazama kwa macho hayo.

Wiki iliyofuata akatupa Cancún, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Meksiko ilichagua ukanda mwembamba wa mchanga kwenye bahari ya Karibi, umepinda kama namba 7, baharini upande huu na wangwa upande ule, minazi na watu wa kuhesabu kwa vidole. Hapakuwa na mji. Wataalamu wa benki kuu ndio waliopendekeza, baada ya kupiga hesabu za jua, fukwe na umbali kutoka Marekani. Wakajenga uwanja wa ndege, wakatenga ukanda wa hoteli kwenye mchanga na mji wa wafanyakazi upande wa bara. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri kuliko wowote tuliowahi kuuona.

Mwalimu hakutuuliza hoteli ni ngapi. Alituuliza: "Mpishi analala wapi?"

Tulitafuta kwa wiki nzima, na jibu likawa hili. Watu walikuja kutafuta kazi wengi kuliko mpango ulivyokadiria, mji wa wafanyakazi ukafurika, na pembeni yake yakaota makazi ya vibanda yasiyo na mabomba ya maji safi wala ya maji taka. Mtu anatandika kitanda cha mgeni kwenye chumba cha marumaru, jioni anapanda basi kurudi kwenye mtaa ambao ramani ya mpango haikuuchora. Tena si watu tu waliosahauliwa. Hoteli zilijengwa juu ya matuta ya mchanga, na matuta yale ndiyo akiba ya ufukwe. Bahari ikichukua mchanga, hapo ndipo unapopatikana mwingine. Mwezi Oktoba 2005 kimbunga Wilma kiliukomba ufukwe ule hata sehemu nyingine pakabaki mwamba mtupu. Ikabidi mchanga uvutwe kwa mashine kutoka chini ya bahari na kumwagwa upya, na miaka michache baadaye kazi hiyo ikarudiwa tena kwa mamilioni ya dola.

Niliporudi Jambiani likizo ya pili, nilishuka pwani nikiwa na swali la mwalimu kichwani, na kila nilichokuwa nikikiona tangu utotoni kikaanza kusema. Ukuta wa hoteli uliokaa pale palipokuwa na tuta na mikadi. Kisima cha bibi, ambacho maji yake yamekuwa na chumvi kiasi kwamba sasa ni ya kufulia tu. Vyumba vya uani kwa jirani vilivyogawanywa kwa mbao kupangisha vijana wahudumu kutoka Bara, sita kwa chumba. Hakuna kitabu cha utalii wa Zanzibar kilichonionyesha hayo. Nilionyeshwa na mji wa Meksiko ambao sijaukanyaga na huenda nisiukanyage.

Nije kwenye kazi yenyewe, maana najua wapo watakaosema hayo ni ya wanaharakati na mpanga safari kazi yake ni kuuza.

Mwaka wangu wa pili ofisini walikuja wageni wawili wa Ujerumani, wako fungate. Wakala wa kwao alikuwa amewauzia pwani ya mashariki kwa maneno matamu, bahari mlangoni, kuogelea saa yoyote. Hakuwaambia habari za maji kupwa. Wamefika siku za bamvua, ambapo bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Saa nne asubuhi wanafungua mlango, bahari haipo. Mchanga, matope meupe, vidimbwi, na mawimbi yanaonekana kwa mbali sana kwenye mwamba. Yule dada akanipigia simu analia. Alitaka wahamishwe siku ile ile kwenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako ni kweli mtu anaogelea saa zote. Vyumba vya kaskazini vilikuwa vimejaa.

Nilikumbuka Mont-Saint-Michel. Ule ni mlima mdogo wenye kanisa huko Ufaransa, katikati ya ghuba ambayo maji yake hupanda na kushuka hadi mita 14 au zaidi. Tuliusoma chuoni siku mbili. Wenyeji wa pale hawamfichi mgeni kupwa kwa maji. Wanatangaza jedwali la maji mapema, na wanao waongozaji maalumu wanaowavusha wageni ghuba kwa miguu, pekupeku kwenye tope, wakati bahari imerudi nyuma. Yaani kile ambacho kwetu tunamwomba mgeni radhi nacho, wao wanakiuza.

Basi nikampigia mama. Kwake yeye saa nne asubuhi siku ya bamvua ndiyo saa ya kazi, maana ndipo shamba la mwani linapokauka. Nikawaomba wale wageni wavae viatu vya kuzuia miba ya baharini, wamfuate. Walikaa naye karibu saa tatu. Akawaonyesha jinsi vipande vya mbegu vinavyofungwa kwenye kamba, kamba inavyovutwa kati ya vigingi viwili, mwani mwembamba na ule mnene ambao siku hizi unaoza maji yakipata joto. Nikawaandikia kwenye karatasi saa za maji kwa siku zao sita zilizobaki: saa kumi jioni maji yamejaa, ogeleeni hapo, na kila siku yanachelewa kidogo. Hawakuhama. Mama alilipwa kwa muda wake, na tangu siku hiyo kila ratiba ya pwani ya mashariki inayotoka ofisini kwetu inakwenda na jedwali la maji. Ndipo nikaweza kumjibu mama swali la daftari. Sio Machu Picchu iliyoniajiri, lakini kijiji cha Ufaransa kilimpa yeye kazi ya kulipwa kwa dola.

Mambo ya ramani nayo yanataka somo hili. Chuoni niliwahi kuandika ratiba ya siku kumi na nne, Kenya mpaka Zanzibar, na kati ya Maasai Mara na Serengeti nikaweka saa mbili za gari, kwa sababu kwenye ramani hifadhi hizo zinagusana na nyumbu wanavuka bila kuuliza. Daftari likarudi na swali la wino mwekundu: "Umepita wapi?" Mpaka ule ulifungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka leo mtalii hapiti hapo. Atazunguka Isebania na Sirari, atabadilisha gari na dereva, ataombwa kadi ya homa ya manjano, na siku imekwisha. Mwenye kusoma safari za dunia huzoea kuuliza njia kabla ya umbali.

Venice ya Italia nitaigusa kwa ufupi, ingawa ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 1951 mji wa kale pale visiwani ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa vyumba vya wageni, na mwaka 2024 wakaanza kuwatoza watalii wa kutwa euro 5 kwa siku maalumu ili kupunguza msongamano. Mimi nafanya kazi Mji Mkongwe. Asubuhi nikipita vichochoroni naona milango iliyokuwa ya familia imewekwa vibao vya hoteli, na wenyewe wamehamia Ng'ambo na Fuoni. Atakayepanga lazima ajue kwamba mji ukiisha watoto, hata wageni hawaupendi tena.

Na bei pia ni chombo cha mpango. Hilo tulijifunza kwa jirani. Rwanda mwaka 2017 ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500, na wakati huo huo ikaongeza fungu la mapato ya hifadhi linalokwenda kwa wanavijiji wa kandokando kutoka asilimia 5 hadi 10. Nyongeza hizo mbili zinasomwa pamoja. Ukichukua ya kwanza ukaiacha ya pili, umepandisha bei tu. Thailand nao waliifunga ghuba ya Maya mwaka 2018 baada ya mashua kuyaua matumbawe, na haikufunguliwa hadi Januari 2022, tena mashua zikizuiwa kuingia ndani. Papa wadogo walikuwa wamerudi. Kila nikisikia mashua zilivyowazingira pomboo wa Kizimkazi, huifikiria miaka ile mitatu na nusu ya subira.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vipunguze nchi. Tano kwa muhula zinatosha, zikisomwa mpaka mwanafunzi ajue maji yanatoka wapi, taka zinakwenda wapi na mpishi analala wapi, halafu kila moja ailinganishe na mahali pa kwao kwa kwenda na kutazama. Visiwa hivi vilikuwa na watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, na wageni sasa wanazidi laki saba kwa mwaka. Wanaochora mipango ya kuwapokea mara nyingi ni wataalamu wa nje. Kijana wa kwetu akiingia kwenye mkutano wa shehia bila mfano hata mmoja wa kwingine, atabaki kupiga makofi kwa picha nzuri.

Mkutano kama huo niliuhudhuria mwaka jana. Mwekezaji alileta mchoro wa hoteli, bwawa la kuogelea la buluu, minazi imepangwa. Niliomba nafasi nikauliza wafanyakazi watalala wapi na maji yatachimbwa upande gani. Yule aliyetumwa akasema hayo yatatazamwa baadaye. Mjomba wangu, ambaye hakuwahi kuuliza chochote mkutanoni, akanyanyuka: "Na sisi njia ya kushukia na ngarawa ni ipi hapo?" Sheha akaagiza mchoro urudishwe, uje na njia.

Mwezi uliopita tulipokea mwanafunzi wa mafunzo kazini. Nikampeleka Jambiani na karatasi tupu, nikamwambia achore njia zote za kushukia pwani kuanzia nyumbani kwetu mpaka msikitini. Nilipokuwa mtoto zilikuwa kumi na moja, nazikumbuka kwa majina. Alizikuta nne, na moja ina geti. Akaniuliza kama ile yenye geti aihesabu. Nikamwambia aichore, na pembeni aandike saa inapofunguliwa na nani ana ufunguo.