Anga la Washington: kuwasilisha mpango wa safari si ruhusa

Kwa aliyeuliza kwa nini marubani wenye GPS nzuri bado wanaingia kimakosa eneo maalumu la anga la Washington, ambalo ndege huzuiwa kuingia bila masharti: mara nyingi hawajapotea. Wamewasilisha mpango wa safari wakadhani tayari wana ruhusa.

Eneo hilo ni duara la maili 30 za baharini kutoka kituo cha redio cha DCA (uwanja wa ndege wa Reagan, Washington), kuanzia ardhini hadi chini ya futi 18,000. Kabla ya kuvuka mpaka, lazima uwe umewasilisha mpango, uwe unazungumza na waongoza ndege wa Potomac, wanaosimamia anga hilo, na transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) iwe inatuma namba waliyokupa wewe. Kuirudisha 1200, namba ya jumla ya wanaoruka kwa kuona, ukiwa bado ndani ni kosa, na hutokea sana kwa wanaoelekea nje.

Ukimulikwa leza ya onyo ya nyekundu-nyekundu-kijani, ondoka eneo hilo mara moja na uite kwenye 121.5, masafa ya redio ya dharura.

Mei 2005 ndege ndogo moja, Cessna 150, iliingia eneo hilo na kusababisha Ikulu na Bunge kuhamwa. Kufikia 2009 masharti ya muda yalikuwa yamefanywa kanuni ya kudumu, na mafunzo ni lazima kwa anayeruka kwa kuona (bila kutegemea vifaa) ndani ya maili 60 za baharini kutoka kituo hicho cha DCA. Kozi ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ni bure mtandaoni.