Je, kuahirishwa kwa InSight kulikuwa uzembe?

Ndugu muulizaji, unataka kujua kama insha yako iilaumu timu ya InSight, chombo cha NASA (shirika la anga la Marekani) cha kutua Mirihi, kwa kukosa safari ya Mirihi ya Machi 2016. Nisingekushauri hivyo. Kipimatetemeko chake, kilichosimamiwa na shirika la anga la Ufaransa, kilihitaji ombwe (hali ya kutokuwa na hewa) ndani ya kasha lake, na majaribio katika baridi kali yalionyesha kuwa kasha hilo linavuja, hitilafu ambayo hakuna fundi angeweza kuifuata angani kuirekebisha. Kwa kuwa nafasi nzuri ya kwenda Mirihi hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi, ilibidi kungoja hadi Mei 2018. Gharama iliongezeka, ndiyo. Katika insha yako, eleza kwa kina majaribio ya baridi, ombwe na mtikiso ambayo chombo hupitia kabla ya kurushwa. Kuhesabu sekunde za mwisho kabla ya roketi kuruka, ingawa hupendwa na televisheni, kunatosha sentensi moja.