Maswali ya Wasomaji: Treni ya umeme na treni ya dizeli, ipi ilitangulia?

SWALI: Mhariri, hivi karibuni nilisafiri kwa treni ya SGR kwenda Dodoma. Abiria niliyekaa naye alinieleza kwamba dunia ilianza na garimoshi la makaa ya mawe, likafuatiwa na treni ya dizeli, na kwamba treni ya umeme ni uvumbuzi wa miaka ya karibuni tu. Je, ni kweli? Na kama umeme ni bora, kwa nini reli ya Mombasa hadi Nairobi inatumia dizeli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mpangilio aliokueleza mwenzako ndio uliotokea kwetu, Tanzania, ambako treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Katika historia ya dunia, hata hivyo, umeme ulitangulia, tena kwa miaka mingi.

Mwaka 1842 Robert Davidson, Mskoti wa Aberdeen, aliendesha kichwa cha treni kwa betri kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow. Kilitembea polepole, na zinki iliyoliwa ndani ya betri zake ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe, hivyo jaribio hilo halikuendelea. Mafanikio yalipatikana Berlin mwaka 1879, pale Werner von Siemens alipoonyesha kitreni cha umeme katika maonyesho ya biashara. Dereva alikaa juu ya mashine yenyewe kama mtu aliyepanda punda, nyuma yake vikifuata vibehewa vitatu vya mabenchi, katika njia ya mzunguko yenye urefu wa mita 300 hivi. Umeme wa volti 150 ulipita katika reli ya tatu iliyolazwa katikati, na kwa miezi michache zaidi ya watu 80,000 walikipanda. Injini ya Rudolf Diesel ilikuja kufanya kazi kwa mafanikio mwaka 1897, na kichwa cha kwanza cha treni kilichotumia injini ya aina hiyo kilionekana mwaka 1912.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba makampuni ya reli hayakuanza kununua vichwa vya umeme kwa sababu ya kasi. Yalikuwa yakikimbia moshi. London ilikuwa na reli ya chini ya ardhi iliyotumia garimoshi tangu mwaka 1863, na abiria wake walivuta hewa iliyojaa masizi. Ilipofika mwaka 1890, njia mpya ya City and South London, iliyochimbwa chini zaidi, haikuweza kutumia garimoshi, hivyo iliendeshwa kwa umeme. Mabehewa yake yaliwekewa vidirisha vyembamba karibu na dari, kwa hoja kwamba ndani ya handaki hakuna cha kutazama, hoja ambayo kwa maoni yetu ilibuniwa na mtu asiyepanda treni hiyo kila siku. Huko Baltimore, Marekani, kampuni ya Baltimore and Ohio ilitumia vichwa vya umeme kuanzia mwaka 1895 kuvuta treni nzima kupita katika handaki la mjini, pamoja na garimoshi lenyewe likiwa bado limefungwa mbele ya mabehewa yake. New York ilisubiri msiba: Januari 1902, katika handaki la Park Avenue, dereva aliyezibwa macho na moshi na mvuke alipita ishara ya kusimama, akaigonga treni iliyokuwa mbele yake, na watu 15 wakafa. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria iliyopiga marufuku magarimoshi katika eneo hilo kuanzia Julai 1908.

Kasi ilikuja kama faida ya ziada. Mwezi Oktoba 1903, karibu na Berlin, behewa la majaribio lenye mota za umeme lilifikisha kilomita 210 kwa saa. Rekodi ya garimoshi, iliyowekwa na lile liitwalo Mallard nchini Uingereza mwaka 1938, ni takriban kilomita 203.

Sababu ya pili ilikuwa makaa ya mawe yenyewe. Uswisi haina akiba ya maana ya makaa, ila ina milima na mito. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata uagizaji kutoka nje, Waswisi waliharakisha kutandika nyaya katika njia ya Gotthard inayopenya milima ya Alps, kazi iliyokamilika mwaka 1922 kwa kutumia nguvu ya maji. Hali inayofanana na hiyo ilijitokeza Katanga, nchini Kongo, ambako maji yanayoendesha mitambo ya umeme yako karibu na migodi ya shaba, huku makaa mazuri yakiwa mbali. Reli ya huko ilianza kutumia umeme mwaka 1952, kati ya Tenke na Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Kwa hiyo Waswahili wa Kongo walizoea treni inayopita chini ya nyaya miongo saba kabla yetu.

Kuhusu Mombasa na Nairobi, jibu limo katika gharama. Reli ya umeme hudai nguzo, nyaya na vituo vya kupozea umeme katika njia nzima kabla ya treni ya kwanza kuondoka, na fedha hizo hurudi pale tu treni zinapokuwa nyingi. Vichwa vya dizeli hununuliwa kimoja kimoja kadiri kazi inavyoongezeka. Hata hivyo, vichwa vinavyotumika katika njia hiyo huzungusha magurudumu kwa mota za umeme. Injini ya dizeli iliyomo ndani inaendesha jenereta tu. Tofauti ni kwamba cha Nairobi hubeba mtambo wake wa umeme mgongoni, ilhali cha Dodoma hupokea volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, transfoma iliyomo ndani ikazipunguza, kisha mkondo ukarudi kupitia reli.

SWALI: Kichwa cha treni ya Mchongoko, ile ya umeme ya SGR yenye pua iliyochongoka, kiko wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Treni hiyo haina kichwa cha pekee. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa kadhaa, na dereva mmoja anaziamuru zote kwa pamoja, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Frank Sprague na kutumika Chicago kuanzia miaka ya 1897 na 1898. Kwa kuwa magurudumu mengi yanasukuma kwa wakati mmoja, treni hushika kasi mapema baada ya kila kituo. Kwa treni za mizigo, kichwa kinachoweza kufunguliwa na kupelekwa kwenye msururu mwingine wa mabehewa bado ndicho kinachofaa zaidi.