Pikipiki ya kwanza ya kumodifai: grenda iache kwanza

Pikipiki yangu ya kwanza ya projekti sikuwahi kuiendesha. Namaanisha sikuiendesha kabisa, ukiacha zile mita kama mia mbili za siku ya kununua, niliileta nyumbani, wiki ileile nikashika grenda nikakata mkia wa fremu maana nilikuwa nimeona picha za café racer (zile zilizofupishwa mkia, kiti kifupi na usukani wa chini kama za mbio) mpaka macho yanauma, halafu ikakaa miezi 14 ikiwa vipande vipande. Mwisho niliiuza ikiwa kwenye maboksi manne na fremu isiyo na mkia. Aliyeinunua aliangalia yale maboksi, akaniangalia mimi, akasema "pole mdogo wangu". Sijui hata alikuwa ananipa pole ya nini hasa, ila niliipokea.

Sasa hivi nina ya pili na hii inatembea, ndo maana nimepata ujasiri wa kuandika.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kuchagua. Nilinunua ya silinda nne kwa sababu ya mlio, basi. Silinda nne kwenye pikipiki za zamani ni kabureta nne zimejipanga mstari mmoja, kila moja ina jeti zake (vitundu vidogo vinavyopima petroli), boya lake, sili zake, na hata ukizisafisha zote vizuri bado lazima uzisawazishe zivute sawasawa kwa geji za vakyumu, na zile mpira zinazoziunganisha na injini zikishakuwa ngumu kama plastiki kuzirudisha mahali pake ni vita. Kwa mtu ambaye hajawahi kufungua hata kabureta moja huo ni wazimu. Kama ndo unaanza tafuta silinda moja, inayopozwa na hewa, kabureta moja, ikiwezekana yenye kiki ili betri ikifa usikwame. Honda CG125 ni mfano mzuri, ilitoka 1976 na Honda waliamua makusudi kutumia zile fimbo za kusukuma vali badala ya timing cheni ya juu, ili isisumbue kwenye matunzo, na viwanda vya China vimeinakili sana kwa hiyo spea zimejaa. Suzuki GN125 nayo ipo kwenye kundi hilohilo la pikipiki zisizo na makuu. Ukitaka kubwa kidogo kuna Yamaha SR400, ya tangu 1978, silinda moja na haina stata, kiki tu, utajua mwenyewe na mguu wako.

Siku ya kwenda kuangalia, mwambie muuzaji kabisa kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika kitu cha kwanza kabla hata ya salamu ndefu weka mkono kwenye injini. Mi nilifika nikakuta ya moto, jamaa akasema ametoka nayo dukani sasa hivi, nikaona sawa tu, mtu si anaenda dukani. Kumbe injini ya baridi ndo inayosema ukweli. Ikishapata moto hata mgonjwa anawaka kiki moja. Ya kwangu asubuhi yake ilinichukua dakika ishirini za kupiga kiki, choki imevutwa, jasho linatiririka, nikajua nimeshapigwa.

Ikiwaka ikiwa ya baridi, angalia moshi. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni unyevu tu, usiogope. Wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili, ni ringi au sili za vali. Mweusi ni petroli nyingi, huo mara nyingi unatibika kwenye kabureta au eya klina iliyoziba. Sikiliza pia, kugongagonga kwa juu kunaweza kuwa vali zinahitaji kupimwa tu, ila mlio mzito wa kugonga wa chini kwenye krenki, ondoka zako.

Halafu kuna vitu watu wanavipita haraka kwa sababu macho yote yapo kwenye tanki na rangi. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu kushoto kulia, ukisikia kama unadumbukia kwenye kishimo pale katikati basi beringi za shingo zimeshalika. Shika gurudumu la nyuma ulisukume pembeni, likicheza ni bushi za swingi amu (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) au beringi za gurudumu. Angalia zile chuma zinazong'aa za shokapu za mbele, ukiona pete ya mafuta basi sili zinavuja, hiyo si mwisho wa dunia ila inapunguza bei. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo tairi inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado ikawa imekufa kwa uzee. Fungua tanki umulike tochi ndani. Na namba ya fremu, ile iliyogongwa kwenye shingo, isome mwenyewe kwa macho yako na uilinganishe na karatasi, na ya injini vilevile. Ukiona pamesagwa au namba zinapanda zinashuka kama zimegongwa na mlevi, hata kama bei ni ya bure rudi nyumbani. Pikipiki isiyo na karatasi utaipendezesha halafu utaishia kuizungusha uani.

Hela yote usiimalizie kwenye kununua. Mi nilimaliza. Ukiwa na kumi nunua kwa tano, ile tano nyingine itaondoka na wala hutaona imeendea wapi, ni tairi, cheni na sproketi, kebo, betri, pedi, gasketi, vitu ambavyo hakuna mtu atakayekusifia.

Haya, umeileta nyumbani. Hapa ndo penyewe. USIIKATE. Iendeshe kama ilivyo, mwezi mzima kama unaweza, na kiti chake kibaya na madigadi yake makubwa. Najua inauma. Lakini fikiria, ukivua kila kitu siku ya kwanza halafu ukarudishia na ikagoma kuwaka, utajuaje ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo au umeuleta wewe? Mi ya kwanza nilikata, nikabadilisha waringi, nikaweka filta za hewa za wazi zisizo na boksi, vyote kwa mpigo, halafu ikawa haichaji na inakohoa, na nikawa sina pa kuanzia. Baadaye sana ndo nilipopima nikakuta koili ya chaji kwenye magneto ilikuwa imeungua, pengine miaka kabla yangu. Kipimo chenyewe ni cha dakika mbili: mita ya umeme kwenye betri, injini imezimwa betri nzima isome kama volti 12.6, halafu washa upandishe resi mpaka mizunguko kama 5000, inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 haichaji, ikipita 15 regulata imekufa na itakuchemshia betri. Dakika mbili! Miezi 14 ile yote.

Ya pili niliiendesha wiki sita. Wiki ya kwanza ikaanza kuzima kila nikiachia mafuta, ukishika mafuta inakwenda vizuri, ukiachia inakufa. Hiyo ni dalili ya jeti ndogo kuziba, ile inayolisha injini inapounguruma bila kushikwa mafuta. Nikashusha kabureta. Sasa hapa niseme kuhusu zile skrubu za bakuli la chini, zinaonekana za msalaba wa kawaida lakini pikipiki za Kijapani zina msalaba wa kwao, unaitwa JIS, mara nyingi utaona kidoti kidogo juu ya kichwa, na bisibisi ya kawaida inaruka na kuharibu vichwa vyake. Niliharibu moja. Nikaigonga na nyundo bisibisi ikiwa juu yake, mapigo mawili matatu ya heshima, nikapulizia dawa ya kutu nikaiacha mpaka kesho yake, ikatoka. Toka siku hiyo nina bisibisi yake maalum na siiazimishi.

Ndani ya bakuli kulikuwa na uji wa kahawia, petroli ya zamani iliyokauka. Nikaitoa ile jeti ndogo, ni kama urefu wa ukucha hivi, nikaielekeza kwenye taa na kuchungulia. Giza. Nikailoweka kwenye dawa ya kabureta, nikapitisha unyuzi mmoja wa shaba nilioutoa kwenye waya wa umeme (usitumie sindano wala kitu kigumu, unatanua tundu na hapo jeti imekwisha), nikapuliza, nikachungulia tena, bado giza. Mara ya nne hivi nikaona kijimwanga kama ncha ya nywele. Aisee nilifurahi kuliko siku niliyoinunua. Nikarudishia, ikaunguruma vizuri bila kushikwa mafuta, nikakaa pale chini naisikiliza tu kama chizi.

Na ule uji ulitoka wapi? Kwenye tanki lenye kutu. Kwa hiyo ukisafisha kabureta bila kusafisha tanki utarudia wiki ijayo. Mi nilijaza siki nyeupe nikaiacha siku moja na nusu, nikaweka kipande cha cheni ya zamani na kutikisa mpaka mabega yakachoka, nikasuuza na maji ya magadi soda ili kuua asidi, nikakausha haraka na kupaka oili kidogo ndani maana chuma tupu kinashika kutu upya wakati unakiangalia. Halafu filta ndogo kwenye mpira wa petroli.

Breki fanya kabla ya urembo wowote. Maji ya breki yanavuta unyevu, ushauri wa kawaida ni kubadili kila miaka miwili, na kwenye pikipiki ya mtumba chukulia hayajabadilishwa tangu ilipozaliwa. Ya kwangu yalikuwa rangi ya chai. Angalia kwenye kifuniko cha masta silinda imeandikwa DOT ngapi (daraja la maji ya breki) uweke hiyohiyo, na funika tanki kwa kitambaa maana yakidondoka yanakula rangi. Na oili ya injini, usiweke ya gari ati kwa sababu ipo nyumbani, klachi za pikipiki nyingi zinaogelea kwenye oili hiyohiyo na oili nyingi za gari zina dawa za kuteleza, klachi inaanza kuslipu unadhani imeisha. Tafuta iliyoandikwa JASO MA.

Baada ya hapo sasa modifai. Anza na vile unavyoweza kurudisha nyuma: usukani, taa, vioo, kiti kipya juu ya fremu ileile. Ukibadili usukani washa injini uache iungurume halafu uugeuze mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, resi ikipanda yenyewe basi kebo ya mafuta inavutwa, na hiyo ikikukuta kwenye kona utakumbuka maneno yangu. Ukishusha usukani sana hakikisha mikono haigongi tanki. Kila unachofungua piga picha, bolti zake weka kwenye kimfuko uandike jina, usijidanganye utakumbuka, maboksi yangu manne yalikuwa yamejaa bolti nilizodhani nitazikumbuka.

Filta za wazi, zile koni, kila mtu anazitaka. Mi mwenyewe nazitaka. Lakini ukitoa boksi la eya klina hewa inaongezeka, petroli inabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mkavu na injini inachemka, na kabureta za vakyumu (zile ambazo slaidi yake inanyanyuliwa na mvuto wa hewa) ndo zinalalamika zaidi. Lazima upandishe jeti, ujaribu, utoe plagi uangalie rangi yake: kahawia ya maziwa ni sawa, nyeusi yenye masizi petroli imezidi, nyeupe kama chaki simama, ukiendelea hivyo pistoni inaweza kutoboka. Nimeacha boksi langu. Halionekani sana.

Na mkia wa fremu, kama lazima ukate, kwanza toa shokapu za nyuma unyanyue gurudumu mpaka pale litakapofika likibonyea lote, uone tairi inagusa wapi. Watu wanakata wanachomelea chuma cha duara zuri kabisa mkiani halafu wakibeba abiria tairi inasaga kiti. Mpe kazi mchomeleaji anayejua fremu, betri ikiwa imechomolewa, na kabla ya yote uliza sheria za unapoishi zinasemaje kuhusu madigadi, taa na kubadili fremu, zinatofautiana sana.

Ya kwangu haijakatwa bado. Nimepima, nimechora mstari kwa chaki, huu mwezi wa tatu na mstari wenyewe umeanza kufutika. Kinachonisumbua sasa ni indiketa, nilifunga zile ndogo za LED zikawa zinawaka haraka haraka kama zina wazimu, nikahangaika na waya wikendi nzima kumbe flasha ya zamani inategemea mzigo wa balbu, LED zinakula umeme mdogo sana kwake. Inatakiwa flasha ya LED, kidude cha pini mbili tu, nimeshakinunua kipo mfukoni mwa koti, nikimaliza hapa nashuka kukichomeka.